Ekseli Ndefu ya Kupisha Madumu

Kopo la oili la yule fundi wa Kikatiti linanitia kichefuchefu mpaka leo. Lilikuwa kopo la rangi lililokatwa mdomo, limejaa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za malori, na juu yake vinaelea nzi, nywele na vumbi la barabarani. Humo alichovya mswaki uliochakaa, akapaka cheni ya baiskeli yangu mpaka ikadondosha matone meusi kama kamasi. Akajifuta kwenye suruali, akabana ugoro kwa vidole hivyohivyo akautia mdomoni, akaniambia, "Mama, hapo sasa umepata baiskeli."

Wakosaji wangu ni wawili: huyo fundi na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Majina yao siyataji kwa sababu watoto wao hawajanikosea kitu. Wenyewe wakisomewa watajijua. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza mambo ya cheni kama nilivyoyaona kwa macho, na asiyenielewa aende akaiangalie baiskeli yake kwa nyuma.

Baiskeli ilikuwa yangu. Niliipata kanisani siku ya mavuno, kwenye mnada baada ya ibada, imesimamishwa katikati ya mikungu ya ndizi na majogoo yaliyofungwa miguu. Ni ile ya gia, yenye matairi ya meno, wanayoiita ya milimani. Mbele ina magurudumu matatu ya meno, nyuma yamepangana mengi, dogo nje na kubwa kabisa ndani karibu na spoku. Wanaume walicheka nilipoinua mkono. Walicheka tena nilipoiendesha kurudi nyumbani, nimevaa suruali ya marehemu chini ya kanga, kanga nimeibana kiunoni isifike popote. Baada ya wiki hawakucheka, kwa sababu nilikuwa nashusha maziwa ya kwangu na ya majirani mpaka barabara ya lami kabla wao hawajanawa uso. Pale Kikatiti kulikuwa na gari linaloyachukua kwenda mjini, kwenye kibanda kimoja Levolosi, na mwenye kibanda alinijua kama mtu ambaye maziwa yake hayaji yameganda.

Njia ya kutoka kwangu inashuka mpaka kwenye kijito, inakivuka, halafu inapanda. Kipande cha mwisho cha kupanda kuingia lami ni kifupi lakini ni kikali kama ngazi. Hapo ndipo nilikuwa naweka cheni kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma, ile ya ndani, miguu inazunguka bila kuumia, natoka juu na madumu yangu mawili yamening'inia huku na huku kwenye keria. Ilikuwa inafanya kazi. Naomba hilo lisisahaulike. Baiskeli ilikuwa inafanya kazi kabla hawajaitengeneza.

Huku kwetu baiskeli ya maziwa ina mavazi yake. Ukishafunga keria na madumu, visigino vinagonga madumu kila ukizungusha pedeli. Sasa mafundi wa huku wana dawa yao, na hakuna aliyewahi kuihoji. Wanatoa ile ekseli inayoshika pedeli mbili, wanaweka ndefu zaidi ya baiskeli nyeusi za mizigo. Pedeli zinatanuka nje, miguu inakaa matege, visigino vinapisha madumu. Kwenye baiskeli nyeusi haina neno sana, maana ina gia moja mbele na moja nyuma, na zile cheni nene zinavumilia hata zikivutwa kombo. Lakini ya gia siyo nyeusi. Cheni yake ni nyembamba, na ina safari ya kwenda kulia na kushoto.

Shemeji aliichukua baiskeli nikiwa shambani. Hakuniuliza. Nilirudi nikakuta uwanja mtupu, jioni akaja anaisukuma, anatabasamu na meno yake yale.

"Shemeji, nimekutengenezea," akasema. "Nilikuwa nakuona unavyohangaika na visigino. Kaka angekuwepo angeshakufanyia zamani."

"Nani alikwambia nahangaika?"

"Hata shukrani hamna," akasema, akakaa, akataka chai.

Hakuwa ananisaidia. Alikuwa anaizoea baiskeli. Aliitaka tangu siku ya mnada, na aliyataka maziwa ya majirani, na kibanda cha Levolosi. Mtu anayetaka kitu chako huanza kwa kukitengeneza bila kuombwa.

Kesho yake nikapanda nayo, pedeli zimetanuliwa kwa ekseli ndefu. Visigino kweli havikugonga. Lakini cheni ilikuwa inalalamika, krr, krr, krr, na nilipofika kwenye kile kipande cha mwisho ikakataa kupanda gia kubwa. Inagusa, inateleza, inarudi. Nikashuka, nikasukuma, nikaenda mpaka kwa yule fundi wa Kikatiti aliyeiweka.

Alikuwa amekaa kwenye tairi, anatema. Nikamweleza. Hakuangalia mbele kabisa, kule alikoweka uchafu wake. Akashika kile kijikono kinachoning'inia nyuma, chenye vijigurudumu viwili, ambacho ndicho kinachoihamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine. Akazungusha skrubu moja ndogo kwa bisibisi iliyovunjika ncha. Haikutosha. Akachukua spana kubwa, akaingiza kwenye kijikono, akakivuta kuelekea kwenye spoku mpaka nikasikia chuma kinalia.

"Unaivunja," nikamwambia.

"Mama, mimi nimeanza kazi hii wewe hujaolewa. Cheni imekataa kwenda ndani, na mimi naipeleka ndani. Panda uone."

Nikapanda, ikaenda ndani. Ndipo akaleta lile kopo la oili, na ile sifa yake, na ugoro wake. Shemeji alikuwa ameshafika, amesimama pembeni, anaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyeridhika.

Ilinibeba siku chache. Asubuhi ya ajali madumu yalikuwa yamejaa. Nilishuka vizuri, nikavuka kijito, nikaanza kupanda kuingia lami. Nikaweka gia kubwa, nikasimama juu ya pedeli. Cheni ikapanda gia kubwa, halafu haikusimama hapo. Ikaendelea. Ikavuka, ikadumbukia katikati ya gia na spoku, na gurudumu la nyuma likakaza ghafla kama limeshikwa na mtu. Nilikuwa nimeshaingia lami kwa gurudumu la mbele. Nikaanguka upande wa kulia na dumu juu yangu, na lori la mchanga likawa linakuja.

Dereva alikata kona. Mwili ulipona, mguu wa kulia ukapitiwa na gurudumu.

Sitaki kueleza mguu. Nitaeleza watu. Maziwa yalienea kwenye lami yakachanganyika na oili na damu, yakawa na rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye chakula wala kwenye uchafu. Mbwa wakaja. Watu wakaja na simu, wakawa wanapiga picha, mmoja akamwambia mwenzake asogee kidogo, anamzibia. Na mwanaume mmoja, nilimwona kwa macho yangu nikiwa nimelala chini, akaokota dumu langu moja lililobaki zima, akalitikisa kusikia kama bado lina kitu, akaondoka nalo.

Hospitali, aliyefika wa kwanza ni shemeji. Nesi anamuuliza ilikuwaje, yeye aliyekuwa kitandani kwake wakati naanguka anajibu, "Kanga imeingia kwenye cheni. Hawa kina mama, tunawaambia hawasikii." Nesi akaandika. Ilipofika jioni, Kikatiti yote ilikuwa imeshajua kwamba kanga ndiyo iliniangusha. Kanga ile ninayo. Haina hata tundu. Suruali ya marehemu ndiyo waliyoikata kwa mkasi.

Mguu ulipona kwa namna yake. Vidole vingine havipo, kifundo hakikunjiki, na unyayo umegeuka, kisigino kinatazama ndani. Kutembea na dumu kichwani kama wenzangu siwezi tena. Hatua chache tu napiga kelele. Lakini mguu kama huo kwenye baiskeli unabebwa. Nililielewa hilo mapema kuliko daktari. Nisipokuwa na baiskeli, mimi ni mtu wa kukaa jikoni nikingoja nani ataniletea nini, na anayeleta angekuwa shemeji.

Niliugulia Moshono kwa mdogo wangu, ambaye ni mshonaji. Ana cherehani ya miguu, na nilipoanza kukaa vizuri akanipa nguo za kupinda mapindo, mguu mzima ukikanyaga. Mkanda wake ukawa unanitoka. Nakanyaga kidogo, unaruka. Naurudisha, unaruka. Nikaanza kuukaza kwa hasira.

"Dada, usiuvute," mdogo wangu akasema bila kuinua kichwa. "Utaukata bure. Mkanda hauna kosa. Angalia gurudumu la chini limehama, halitazamani na la juu."

Nikainama. Kweli, gurudumu kubwa la chini lilikuwa limesogea pembeni kwenye pini yake. Nikalisukuma kwa kiganja, likarudi. Mkanda ukakaa, ukazunguka kimya kama haujawahi kunisumbua.

Niliacha kukanyaga. Mdogo wangu akauliza, "Nini, mguu?" Nikamwambia siyo mguu. Nilikuwa naiona cheni yangu. Nilikuwa nawaona wale wawili, mmoja ameagiza mbele isogezwe nje ili visigino vipite, mwenzake akapinda nyuma ndani ili cheni ikubali. Kombo juu ya kombo, kisha oili chafu juu yake ili iteleze vizuri kuelekea kwangu.

"Wameniua hawa," nikasema.

"Hujafa. Maliza mapindo."

Nikampigia simu shemeji kuiulizia baiskeli. Akasema ipo, anaitunza, anashushia maziwa kwa niaba yangu. Akasema, "Shemeji, wewe pumzika. Baiskeli sasa si ya mtu wa hali yako. Mzee ataitisha kikao tuliweke sawa, kwa usalama wako." Mzee ni baba mkubwa wa marehemu, ndiye anayekalia vikao vya ukoo. Nikajua baiskeli inataka kuchukuliwa kwa maombi na chai.

Nilirudi nyumbani kabla ya kikao, nikaenda kwa shemeji akiwa hayupo. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye banda la nguruwe, upande wa gia ndio uliogandamizwa ukutani, na matope ya banda yamekauka kwenye cheni pamoja na oili mpaka imekuwa kama utumbo usiooshwa. Nikaipindua, magurudumu juu. Nikaikwangua kwa kijiti na tambara, nikitema mate kila mara, maana harufu ilikuwa inaingia mdomoni.

Halafu nikafanya kama kwenye cherehani. Nilikuwa nimebeba uzi mwekundu wa mdogo wangu. Nikaufunga kwenye jino la gia ya kati ya mbele, nikauvuta mpaka nyuma sambamba na fremu. Ilipaswa uangukie katikati ya gia za nyuma, kama gurudumu la chini na la juu yanavyotazamana. Ukaangukia kwenye gia ndogo kabisa ya nje, na kidogo tu utoke nje yake. Kwa hiyo cheni kwenda gia kubwa ya ndani ilikuwa inavutwa mshazari kama mbuzi anayeburuzwa. Nikaenda nyuma, nikafumba jicho moja. Kijikono kilipaswa kuning'inia wima chini ya gia. Kilikuwa kimelalia spoku kama mlevi. Na ile skrubu ndogo nikaizungusha ndani polepole huku nasukuma kijikono kwa kidole, nikaona kazi yake. Ikiingia, kijikono kinazuiwa mapema. Ikitoka, kinaenda mbali. Fundi alikuwa ameitoa karibu yote. Hapakuwa na kitu chochote cha kuizuia cheni isiingie kwenye spoku. Hakuna.

Nikairudisha kama fundi alivyoiacha. Sikugusa zaidi. Nikaisukuma mpaka kwangu.

Kikao kilikaa sebuleni kwangu. Mzee kwenye kochi, shemeji karibu naye, wifi yangu mkubwa mlangoni na kikombe chake. Walikula kwanza loshoro yangu, mahindi yaliyochanganywa na maziwa. Shemeji anakula mdomo wazi, maziwa mgando yanaonekana yakigeuka, na katikati ya kutafuna akaanza kueleza jinsi anavyonionea huruma.

"Mzee, mimi sina tamaa," akasema. "Ila shemeji ameumia. Kanga imeingia kwenye cheni, lori limepita. Mara ya pili tutazika. Mimi nitashusha maziwa, nitamtunza kama kaka alivyokuwa akimtunza."

Mzee akanigeukia. "Mama, unasemaje?"

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba."

"Kanga hii hapa." Nikaikunjua juu ya meza. "Nitafutieni tundu."

Wifi akaja, akaishika, akaipitisha mikononi kama mtu anayenunua. "Nzima," akasema.

"Basi kitu kingine kiliteleza," shemeji akasema. "Lakini siyo baiskeli. Baiskeli mimi naipanda kila siku, cheni iko salama."

"Unaipanda, au unashuka nayo?" nikamuuliza.

Akachota loshoro nyingine.

"Nauliza kwa sababu kushuka hakuhitaji cheni. Pale pa kuingia lami unafanyaje? Unaweka gia gani?"

"Pale nasukuma. Kila mtu anasukuma."

"Mimi nilikuwa sisukumi." Nikasimama na fimbo yangu. "Baba mkubwa, baiskeli iko nje. Madumu nimeyajaza maji. Naomba shemeji apande nayo mpaka lami, gia kubwa ya ndani, asimame juu ya pedeli kama nilivyosimama mimi. Akifika, aichukue. Mbele yenu nasema, aichukue."

Tukatoka nje wote. Shemeji akaishika usukani, akaitazama, kisha akaitazama njia. Nyuma ya bega lake mzee alikuwa anamwangalia mikono. Shemeji alijua. Alikuwepo fundi alipokipinda kile kijikono, alikisikia chuma kinalia kama nilivyokisikia. Jasho likamtoka puani.

"Nina mgongo," akasema.

"Tangu lini?" wifi akauliza.

"Na viatu hivi siyo vya baiskeli."

"Vivue nikushikie," wifi akasema. "Mwanaume mzima, baiskeli ya mwanamke inakuogopesha nini? Au na wewe umevaa kanga?"

Mtu mmoja jirani kwenye ua akacheka. Shemeji akaiegemeza baiskeli kwenye mgomba, akasema hawezi kufanya maigizo mbele ya watu wazima, akarudi ndani kumalizia loshoro yake. Nilimwonyesha mzee uzi mwekundu ulivyokuwa unakwenda kombo. Akauangalia kwa muda, akauliza mara moja tu, "Nani aliagiza hii ekseli?" Nikamwambia. Akafuta midomo.

Mnadhani alimkemea? Tuliingia ndani, akasema baiskeli ibaki kwa mama, na kwamba sisi ni familia, yaliyopita tuyaache, tufumbe macho tuombe. Katika maombi akamshukuru Mungu kwa shemeji mwenye moyo wa kujali. Nilifungua macho katikati. Shemeji naye alikuwa amefungua, anaangalia sufuria.

Lakini baiskeli ilibaki. Nilikwenda nayo mjini, Levolosi, kwa muuzaji wa vipuri vya baiskeli za mtumba, nikanunua ekseli fupi ya kipimo chake, nikamsimamia fundi wa pale mpaka akachoka nami. Ekseli ikaingia, uzi wangu ukaangukia katikati. Kijikono tulikirudisha wima kidogokidogo, chuma kikipinda mara nyingi kinachoka. Skrubu nikaizungusha mwenyewe, mpaka cheni ikawa inapanda gia kubwa na inaishia hapo, hata nikiilazimisha kwa mkono. Keria ikachomelewa upya, ikasogezwa nyuma kiganja kimoja. Kiganja kimoja. Ndiyo ilikuwa dawa ya visigino tangu mwanzo, na hakuna aliyeifikiria kwa sababu siku zote huku hufanywa vile.

Sasa nashusha maziwa. Mguu wa kushoto unapita huru. Wa kulia, kwa vile kisigino kimegeuka ndani, bado unagonga dumu kila mzunguko, to, to, to, watu wananijua ninapokuja.

Juzi nilipita mbele ya yule fundi. Alikuwa na baiskeli nyingine ya gia miguuni pake, anaigongomea ekseli ndefu kwa nyundo. Nikasimama, nikamwambia aliyonifanyia, moja baada ya jingine, mbele ya mwenye baiskeli. Alinisikiliza mpaka mwisho akichuruzika ugoro kwenye kona ya mdomo. Kisha akasikiliza ninavyoondoka, to, to, akaniita.

"Mama, si unasikia kisigino kinagonga? Njoo nikuwekee ndefu."

Mwenye baiskeli, mwanamke kama mimi, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akaanza kuikokota baiskeli yake kutoka mikononi mwa fundi, naye fundi ameishikilia kwa lile gurudumu la nyuma, anatukana. Sikungoja kuona nani alishinda. Kipande cha kupanda kilikuwa mbele yangu na maziwa hayangoji. Nikaweka gia kubwa, nikasimama juu ya pedeli.